Jiliwa gani linafaa kushikia bodi wakati wa kulehemu?

Swali: Natengeneza redio, televisheni na kontrola za sola hapa Kibaigwa. Bodi nazishikia kwa jiliwa dogo la chuma lililokuwa la fundi baiskeli, au kwa kile kishikio chenye klipu za meno na lenzi. Kwenye klipu bodi inateleza. Kwenye jiliwa nikikaza inatulia, ila kuna wateja hurudi baada ya wiki kadhaa na hitilafu mpya. Ninunue lipi?

Jibu: Ndugu fundi, tuanze na hiyo hitilafu mpya, maana inawezekana kabisa inatoka kwenye kukaza.

Bodi nyingi zina unene wa milimita 1.6. Ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi, na kwenye bodi za kawaida gundi hiyo huanza kulegea ikifika nyuzijoto 130 hadi 140. Lehemu ya 63/37, yaani bati 63 kwa risasi 37, huyeyuka kwenye 183, na ile isiyo na madini ya risasi kwenye 217 hivi. Kwa hiyo lehemu inapoyeyuka, bodi yenyewe imeshalegea pale ulipopasha. Ikiwa imebanwa kwa nguvu inapinda, na ikipoa inabaki hivyo hivyo.

Wanaoumia kwanza ni zile kapasita ndogo za kauri, za kahawia, zisizo na miguu. Kauri haijui kupinda, inapasuka. Ufa huanzia chini, karibu na ncha ya chuma, ukapanda mshazari kwa ndani, na kwa nje huoni kitu. Siku hiyo mita inaweza kukuambia kapasita ni nzima. Baadaye unyevu unaingia kwenye ufa, tabaka za ndani zinagusana, laini ya umeme inapiga shoti. Na kapasita zilizo karibu na ukingo ndizo hatarini zaidi, mahali pale pale taya zinapobana.

Jiliwa la bodi kazi yake ni kuizuia isitembee. Kaza mpaka isidondoke ukiigeuza juu chini, basi. Kisha simamisha rula ya chuma juu ya bodi, sehemu isiyo na vifaa, uchungulie kwa usawa wa macho: ukiona mwanga unapita katikati au kwenye ncha, legeza.

La fundi baiskeli libaki la kupigia tupa na kukatia hitsinki, yale mabati ya kupoozea vifaa. Klipu za meno ziachie kazi ya kuunga waya na plagi.

Unaponunua, tafuta taya ndefu zenye mfereji wa kulaza ukingo wa bodi, zinazoshika milimita 2 au 3 tu, na upande mmoja uwe na springi ili bodi ipate nafasi ya kutanuka ikipata moto. Kwa bodi za televisheni, taya zifunguke zaidi ya milimita 200. Taya za plastiki ya kawaida hazifai kabisa chini ya bloa ya hewa moto ya nyuzijoto 350. Teflon inavumilia vizuri zaidi, ilimradi usiielekezee bloa moja kwa moja. Za aluminiamu ni imara, ila zikigusa shaba ya bodi hunyonya joto, kwa hiyo zivishe ile tepu ya njano ya kuhimili moto.

Vitako vya kunyonya meza sivipendekezi huku kwetu. Vinataka kioo au marumaru safi, na kiangazi cha Dodoma, kwa upepo na vumbi lake, kinakuachia meza safi kwa dakika chache tu. Chukua kinachouma ukingo wa meza, au kitako kizito.

Kama fedha ni ngumu, tengeneza. Omba kwa fundi madirisha vipande viwili vya aluminiamu vyenye umbo la L, uvichonge mfereji kwa msumeno wa chuma, uviweke kwenye fimbo mbili za chuma zilizonyooka, kimoja kikisukumwa na springi laini. Kitako kiwe diski chakavu ya breki ya gari: ina uzito wa kutosha na tayari ina matundu ya bolti. Mimi ningeanza na hili kabla ya kununua chochote.

Jambo moja usiliache. Bodi ya pawa saplai ya televisheni, kwa umeme wetu wa volti 230, inaweza kubaki na volti 325 hivi kwenye kapasita kubwa hata baada ya kuchomoa waya. Kabla hujaiweka kwenye taya za chuma, imalize chaji kwa rezista ya kilo-ohm 2, wati 5, iliyofunikwa miguu isipokuwa ncha, ukizigusisha ncha hizo kwenye miguu miwili ya kapasita kwa sekunde chache, kisha pima kwa mita mpaka isome karibu na sifuri.