Bati la "Aluminium Africa" linanaswaje na sumaku?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Ninajenga Bagamoyo, si mbali na bahari, na nimenunua mabati ya ALAF. Fundi wangu ameweka sumaku juu ya bati, ikanasa. Anasema nimeuziwa chuma, kwa sababu jina kamili la kampuni ni Aluminium Africa na alumini hainasi sumaku. Je, nimetapeliwa? Na kama kiwanda cha alumini tunacho, mbona hatuyeyushi alumini yetu wenyewe, sasa umeme wa Rufiji upo?

JIBU: Hujatapeliwa, ndugu yangu, ingawa kuhusu sumaku fundi wako hakukosea. Bati hilo kiini chake ni chuma. Alumini ni ngozi yake ya nje.

Jina lina historia yake. Kampuni ilianza mwaka 1960 pale Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, na leo iko ndani ya kundi la Safal, pamoja na Mabati Rolling Mills ya Kenya na Uganda Baati. Biashara kubwa ya kundi hilo ni koili za chuma zilizopakwa metali. Chuma chembamba hupitishwa kwenye bafu la metali iliyoyeyuka, joto likiwa karibu nyuzi 600, kikatoka na utando wenye alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Hizo ni asilimia za uzito. Kwa kuwa alumini ni nyepesi sana kuliko zinki, ukipima kwa ujazo yenyewe ndiyo inayochukua takriban asilimia 80 ya utando. Kwa hiyo mvua na chumvi ya Bagamoyo vitakutana na alumini kwanza, hata kama sumaku inaona chuma.

Metali hizo mbili zimegawana kazi. Alumini hujifunika kwa oksidi ngumu inayozuia maji na hewa. Zinki huliwa yenyewe kabla ya chuma, hivyo hulinda mikwaruzo na kingo zilizokatwa. Silikoni kazi yake iko kiwandani: huzuia alumini na chuma visishambuliane ndani ya bafu, utando ukawa mgumu na kupasuka unapokunjwa migongo.

Watu wengi dukani huuliza geji tu. Geji ni unene (28 ni nene kuliko 30, namba zinakwenda kinyume) na haikuambii bati litaishi miaka mingapi. Uliza utando una gramu ngapi kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. AZ150 maana yake gramu 150. Kwa nyumba ya pwani mimi ningetafuta hiyo, hata kama ningelazimika kupunguza urembo mwingine. Mwambie fundi akate kwa mkasi wa bati, aache grainda, kwa sababu cheche zake huunguza utando na chembe za chuma zinazobaki juu huota kutu. Saruji mbichi nayo isigandie kwenye bati. Alumini haivumilii ukali wa chokaa.

Sasa la kuyeyusha. Boksiti, yaani udongo wenye madini ya alumini, ipo, hata milima ya Usambara na Upare inayo, lakini udongo si kikwazo kikubwa. Tani nne hadi tano za boksiti hupikwa kwa kostiki soda zikatoa tani mbili hivi za alumina (unga wa oksidi ya alumini), na hizo zikitenganishwa kwa umeme hutoa tani moja ya alumini. Hatua hiyo ya mwisho hula takriban megawati-saa 14 kwa kila tani. Kiwanda cha tani 100,000 kwa mwaka, ambacho duniani huhesabiwa kidogo, kingehitaji megawati 160 usiku na mchana. Bwawa la Julius Nyerere, hilo la Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, lakini mto una misimu yake. Umeme unaotarajiwa kwa mwaka ni kama gigawati-saa 5,900 (gigawati-saa moja ni megawati-saa 1,000). Kiwanda hicho kimoja kingemeza karibu robo yake. Halafu umeme ukikatika kwa saa chache tu, metali huganda ndani ya vyungu vya kuyeyushia, na kuvifufua ni gharama ambayo sipendi hata kuifikiria.

Tazama Mozal, kiwanda cha kuyeyusha alumini jirani na Maputo, Msumbiji, kilichoanza kuzalisha mwaka 2000. Kilikuwa kikitumia zaidi ya megawati 900, na alumina yake ilikuja kwa meli. Mwaka 2025 mmiliki wake mkuu, South32, alitangaza kwamba bila mkataba mpya wa umeme wa bei inayobebeka, uzalishaji ungesimamishwa Machi 2026. Kilichokosekana hapo ni bei ya umeme, si ujuzi wala soko. Ndiyo maana sioni aibu yoyote Dar es Salaam ikijikita kwenye kupaka metali, kupaka rangi na kukunja. Kazi hizo zinabebwa na gridi tuliyo nayo, na mafundi wetu wanaishi kwazo.

Ukitaka alumini ya nyumbani, iko kwenye skrepa. Kuiyeyusha upya kunahitaji nyuzi 660 na kama asilimia 5 ya nishati ya ile ya mwanzo, ndiyo sababu msubuaji wa sufuria, yule anayemimina metali kwenye kalibu, anaweza kuifanya uani kwa mkaa. Tatizo ni kuchanganya. Pistoni na vichwa vya injini vina silikoni nyingi, vinafaa kusubiwa lakini havivingiriki kuwa shiti. Vipande vyenye risasi, kama vya betri, visikaribie kabisa chungu cha kutengenezea sufuria. Vipande vya fremu za madirisha vitakavyobaki kwenye ujenzi wako viweke kando, mbali na makopo na vyuma vya injini, na usikubali vipimwe kwa bei ya mchanganyiko.