Uliza Mkutubi: Kitabu kipya kuhusu Odera Oruka, na maswali mengine

SWALI: Mkutubi, hujambo? Nakuandikia kutoka Ukwala. Nafundisha historia na somo la dini. Nimesikia kumetoka kitabu kizima kuhusu Profesa Odera Oruka, mwanafalsafa na mwana wa hapa kwetu Ugenya. Nilipoona bei yake mtandaoni niliweka simu chini. Nijikaze ninunue? Na mtu ambaye hajasoma falsafa hata siku moja ataambulia chochote? – Mwalimu, Ukwala

JIBU: Mwalimu, cha jalada gumu kiache. Kitabu chenyewe ni cha Gail Presbey, mwanafalsafa Mmarekani, nacho kilitolewa na Bloomsbury mwaka 2023. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani wanaoshughulika na vitabu vya kitaaluma hutoa kwanza nakala chache za jalada gumu, na mnunuzi wanayemtazamia ni maktaba ya chuo kikuu. Ukiona pauni 80 au 90, yaani zaidi ya shilingi 13,000 kabla ya gharama za posta, jua hiyo ni bei ya maktaba. Aghalabu mwaka mmoja au miwili baadaye hufuata jalada jepesi kwa bei ya chini sana. Uliza hilo kwanza.

Halafu peleka ombi maktabani. Nilikaa dawatini katika maktaba ya chuo kikuu huku magharibi kwa miaka 26. Karatasi moja ya msomaji, yenye jina la mwandishi, jina la kitabu na namba ya ISBN, ilinisaidia mbele ya kamati ya ununuzi kuliko orodha ya kurasa sita kutoka idarani, kwa sababu kamati iliona kuna mtu anayesubiri. Andika ombi lako katika maktaba ya umma iliyo karibu nawe, na mwalimu mwenzako naye aandike lake.

Lakini hata kitabu hicho kikikufikia kesho, ningekuomba uanze na cha Oruka mwenyewe. Kazi yake juu ya falsafa ya wenye hekima ilichapishwa Leiden, Uholanzi, na Brill mwaka 1990, kisha Nairobi na kituo cha utafiti cha ACTS mwaka 1991. Ile ya Nairobi huonekana mara mojamoja kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba. Yangu niliipata soko la Kibuye Jumapili moja, chini ya rundo la vitabu vya hesabu. Ndani yake kuna mazungumzo na wazee, swali kwa jibu. Oruka hakukubali dai kwamba Mwafrika ana mila tu, hana falsafa. Kuanzia miaka ya 1970 aliwaendea wazee vijijini, akawauliza kuhusu Mungu, kifo, usawa wa mwanamume na mwanamke. Kisha akatofautisha: yupo mzee anayeijua mila na kuieleza vizuri, na yupo anayeisimamisha mila na kuihoji. Huyo wa pili ndiye aliyemhesabu kuwa mwanafalsafa. Paul Mbuya Akoko, kwa mfano, alikataa kwamba Wajaluo wana Mungu wao na watu wengine wana wao. Miungu ingekuwa mingi, ndivyo alivyotoa hoja, maumbile yangevurugika. Hoja hiyo haihitaji digrii kuielewa, wala kuipinga.

Na kuipinga nimekuona kwa macho yangu. Siku moja alikuja maktabani mzee kwa baiskeli, akaniambia amesikia kuna kitabu chenye maneno ya wazee. Kiingereza hakukijua. Nikakaa naye baada ya saa za kazi, nikawa namfasiria kwa Kijaluo. Hatukufika ukurasa wa tatu akainua mkono. "Hapo amekosea, binti yangu. Rudia." Nikarudia. Akatoa sababu zake kwa nusu saa nzima, nami nikaziandika nyuma ya kadi za katalogi. Kadi hizo ninazo hadi leo. Tangu jioni ile, kila nikishika kitabu kipya kinachowahusu watu wa huku, najiuliza kama mzee yule angeweza kukifikia akabishana nacho.

Ndiyo maana kitabu nakifungua kutoka nyuma. Natazama marejeleo: watafiti wa Maseno, Moi, Egerton au Nairobi wamo? Waliohojiwa wana majina na vijiji, au kila mmoja ni "mkazi" tu? Kitabu kimoja kuhusu ardhi ya magharibi mwa Kenya kilinitia huzuni: kurasa na kurasa za marejeleo, na hakuna hata andiko moja la Kijaluo, Kiluhya au Kiswahili. Ukipata nafasi, tazama pia mkusanyo wa makala juu ya falsafa ya wenye hekima uliohaririwa na Kai Kresse pamoja na Oriare Nyarwath wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kresse ndiye aliyeandika, mwaka 2007, kuhusu wanafikra wa Mombasa. Katika mkusanyo huo utaona fikra za Ugenya na za Mji wa Kale wa Mombasa zinaweza kukaa baraza moja.

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza shahada ya uzamili, tasnifu yangu inahusu ushairi wa Kiswahili. Wiki mbili baadaye nimepata barua pepe kutoka kampuni ya uchapishaji ya ng'ambo. Wanasema watanitolea kitabu bila malipo, niwatumie faili tu. Msimamizi wangu hajajibu meseji zangu. Nikubali? – Mhitimu, Njoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikubali, na sababu naijua kwa uchungu. Kampuni ya namna hiyo iliniandikia mimi pia, nikafurahi hata nikampigia mama yangu simu usiku. Hakuna aliyeisoma kazi yangu. Makosa ya tahajia niliyoyaacha yalitoka vilevile, na jedwali moja likakatika katikati. Bei waliyoiweka ilikuwa kubwa mno hata maktaba niliyoitumikia haikuweza kukinunua. Kisha nilipotaka kuitoa sura moja iwe makala, nikakuta haki nilishawapa kwa sahihi yangu mwenyewe.

Mchapishaji wa kweli wa kitaaluma huwapa mswada wako wasomaji, mara nyingi wawili, wanaoijua fani. Wanakaa nao kwa miezi. Unarudishiwa maoni yanayouma, unaandika upya. Anayekuharakisha na kukusifu kabla ya kusoma anataka faili, hataki kitabu. Tena tasnifu huandikwa kwa ajili ya watahini. Msomaji wa kawaida hana haja ya ile sura ya mbinu za utafiti, wala kurasa 40 za kuonyesha kwamba umesoma waliokutangulia.

Toa sura mbili zilizo bora, uzipeleke kwenye majarida: Mwanga wa Lugha la Moi, au Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakikisha tasnifu yenyewe imewekwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo chako, ili mwalimu wa Busia au Migori aisome bila kulipa. Na msimamizi mfuate ofisini asubuhi, usingoje meseji.

SWALI: Nafundisha fasihi ya Kiswahili, Gredi ya 10, Kakamega. Nataka kitabu kipya cha nadharia kilichoandikwa kwa Kiswahili. – Mwalimu wa sekondari ya juu

JIBU: Mwalimu, usiutazame sana mwaka. Anza na K. W. Wamitila: Uhakiki wa Fasihi (2002), na Kamusi ya Fasihi (2003) iwe mezani kila siku, maana istilahi ndizo zinazowagombanisha walimu. Kwa historia na tanzu, simulizi na andishi, chukua Utangulizi wa Fasihi ya Kiswahili wa M. M. Mulokozi (2017).

SWALI: Sisi wanafunzi tusio na pesa tusome nini? Wenzangu wanatumiana vitabu vilivyoskaniwa kwa WhatsApp. – Mwanafunzi, Maseno

JIBU: Vipo vingi vya halali, mwanangu, na vizuri. Tafuta DOAB na OAPEN, orodha na maktaba za vitabu vya kitaaluma vinavyosomwa bure. UCL Press ya London, tangu 2015, huviweka vitabu vyake mtandaoni bila malipo. Open Book Publishers ya Cambridge vilevile. CODESRIA ya Dakar, baraza la watafiti wa sayansi za jamii Afrika, ina vitabu vingi vya kupakua, na humo utakutana na Waafrika wakijibizana wao kwa wao. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya maktaba, usimalize bando zako. Hivyo vya WhatsApp naomba uviache, hasa vya wachapishaji wa Nairobi. Nawajua, na najua nakala chache wanazouza ndizo zinazolipia kitabu kinachofuata.

SWALI: Marehemu baba aliniachia historia ya Wajaluo wa kusini ya Profesa Ogot, toleo la 1967. Jalada limeng'oka na mchwa wameanza pembeni. Kuna mtu amenipa bei ya shilingi 2,000. Niuze? – Msomaji, Yala

JIBU: Usiuze, ndugu yangu. East African Publishing House iliyokichapisha haipo tena. Naye Profesa Ogot, aliyezaliwa hapo kwenu Gem mwaka 1929, alituacha Januari 2025. Kitabu hicho kilijengwa kwa simulizi za wazee, wakati wanahistoria wengi bado walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Kwa watu wa Yala, wengine waliohojiwa ni babu za majirani.

Kikung'ute nje, ukikaushe kivulini. Kisirudi sakafuni wala kisiguse ukuta wa udongo. Kiweke juu, kwenye boksi kavu. Selotepu usiitumie hata kidogo: gundi yake hugeuka manjano na kuila karatasi. Kama baba aliandika chochote pembeni mwa kurasa, zipige picha kurasa hizo kabla ya kugusa kitu kingine.

Jumanne nipo Kisumu mchana kutwa. Kifunge kwa kitambaa cha pamba, ukilete, nitakushonea mgongo wake kwa uzi na gundi ya unga wa ngano.