Shujaa mwema si mhusika wa kuchosha: maswali yenu kuhusu City of Heroes

Kwa wageni: huu ni mchezo wa mtandaoni ambamo unamuunda shujaa wako mwenyewe na kuigiza maisha yake pamoja na wengine. Ulianza 2004, ukazimwa Novemba 2012, na leo unaendeshwa na watu wa kujitolea wa Homecoming, waliopewa leseni na NCSoft, kampuni inayoumiliki mchezo, mwaka 2024. Wapenzi wa kuigiza wengi wako seva ya Everlasting.

Mhusika wangu ni mwema kabisa. Wenzangu wananiambia nimpe siri chafu ili anoge. Nifanye hivyo?

Usifanye. Wema hauchoshi hata kidogo. Unachosha pale tu usipomgharimu mtu kitu. Mpe jambo analolitaka kwa moyo wote, kisha mweke njia panda. Wangu aliwahi kuwa mzimamoto. Usiku mmoja kundi letu lilikuwa likimfukuza mwizi tuliyemsaka kwa wiki tatu, nikaandika: "Anasimama ghafla. Ndani ya gari lililopinduka kuna mtoto anakohoa. Anaiachia kamba." Mwizi akaponyoka. Kiongozi wetu, ndani ya hadithi, alimnunia siku nyingi, na yale mazungumzo yao ya kupatana juu ya paa la jengo ndiyo maigizo matamu kuliko yote niliyowahi kushiriki. Siri chafu isingetufikisha pale.

Kuna mwenzetu hapigwi, hachoki, hakosei. Tumfanyeje?

Mfuate kwa ujumbe wa faragha, nje ya uhusika, na kwa upole. Wengi wanaofanya hivyo wanaogopa kudharauliwa tu. Mwoneshe desturi yetu: unaandika unachojaribu kufanya, anayeguswa ndiye anaandika kilichompata. Naye akikubali kuumia mara moja, mshangilie.

Nilimkuta adui yangu Pocket D anakunywa taratibu. Shujaa wa kweli si angemkamata?

Pocket D ni klabu ya wote, mashujaa na wahalifu, na ngumi haziruhusiwi. Nafasi hiyo ni dhahabu! Vuta kiti, muulize alianzaje. Shujaa anayeamini kwamba mtu anaweza kubadilika ana kazi ngumu kuliko mwenye pingu, na kumbuka kwamba tangu 2010 mchezo wenyewe unamruhusu mhalifu kuhamia upande wetu.

Niko leveli ya 6, wao wote 50. Nitaonekana mtoto?

Mchezo unakupandisha leveli kwa muda ukiwa kwenye timu ya wakubwa, basi pigana nao bila wasiwasi. Kwenye kuigiza, leveli haina sauti kabisa.

Kiingereza changu si kizuri, na huko wote wanaandika Kiingereza.

Andika sentensi fupi za vitendo: anamfunika mzee blanketi, anampa maji, anakaa naye mpaka gari la wagonjwa lifike. Nimeona watu waandike aya tatu kuhusu mng'ao wa upanga, zisimguse mtu.

Kwa nini unaupenda mchezo wa zamani hivi?

Tangazo la kufungwa lilipotoka mwishoni mwa Agosti 2012, wachezaji walikusanyika Atlas Park, mtaa wa ndani ya mchezo, chini ya ile sanamu kubwa, mamia kwa mamia, kila mhusika ameshika mwenge. Hapakuwa na adui wa kupiga. Walisimama tu pamoja.