"Inatufundisha" isubiri kwanza

Ukianza kufundisha lugha katika shule ya Kikristo, kuna neno utalisikia kabla wiki ya kwanza haijaisha: inatufundisha. Uliza kwa nini mhusika fulani alidanganya, mikono itapanda juu: "Hadithi hii inatufundisha tusiseme uongo." Uliza mvua ilianza kunyesha saa ngapi, utaambiwa inatufundisha kumtegemea Mungu. Watoto hawa wa miaka 11 hadi 14 si wavivu wa kufikiri. Miaka yote ya shule ya Jumapili na ibada za asubuhi imewaonyesha kwamba mtu mzima aliyeshika kitabu akiuliza swali, anachotaka ni funzo. Basi wanakupa upesi, yaishe.

Mwaka wangu wa kwanza nilifurahi sana. Darasa limetulia, majibu ni mazuri, mwalimu mkuu akipita dirishani anatabasamu. Ilinichukua mihula miwili kutambua kwamba wengi wao hawakuwa wameisoma hadithi yenyewe. Waisome ya nini? Funzo unaweza kulikisia kwa kutazama kichwa cha habari tu.

Siku hizi nina sheria moja, nao wananitania nayo hadi uwanjani: neno hilo halitamkwi kabla nusu saa haijapita. Ukiteleza ukalitamka, utusomee kwa sauti sentensi iliyokupa hilo funzo. Mara nyingi sentensi haipo. Darasa linacheka, aliyeteleza naye anacheka, tunarudi kwenye ukurasa.

Muhula naufungua na Luka 15, mwana mpotevu. Naichagua kwa sababu wanaijua kupita kiasi. Wengine waliiigiza kanisani wakiwa bado na meno ya utotoni. Nawapa penseli na kazi ambayo haina harufu ya mahubiri. Yule kijana, akiwa kule kwa nguruwe, anapanga maneno atakayomwambia baba yake. Yaandike. Sasa andika aliyoyasema alipofika. Linganisha.

Kimya kinaweza kuchukua dakika tatu. Usikivunje. Kisha mmoja anashtuka: "Mwalimu, hakumaliza!" Kweli hakumaliza. Alikuwa amepanga kuomba afanywe kama mmoja wa watumishi, na ombi hilo halikutoka, maana baba tayari anaagiza vazi na pete. Baba alimkatiza? Au mwenyewe, baada ya kukumbatiwa vile, aliona haya kuliomba? Hapo wanabishana kwelikweli, na kila anayebisha lazima aweke kidole kwenye mstari.

Halafu kuna yule kaka mkubwa aliyegoma kuingia ndani. Nimefundisha vimilikishi (wangu, wako, wake) kwa majedwali miaka mingi, na hakuna jedwali lililofanya kazi kama mistari hii miwili. Kaka anamwambia baba, "huyu mwana wako." Hasemi "ndugu yangu", neno hilo limemkaa kooni. Baba, bila kumkaripia, anamjibu kwa "huyu ndugu yako." Kila mtoto aliyewahi kwenda kushtaki nyumbani, "mtoto wako kanipiga," anaelewa papo hapo, wala sihitaji kueleza kwamba sarufi inaweza kubeba hasira.

Na hatuambiwi kama aliingia. Kitabu cha Yona nacho kinaishia kwenye swali, tena swali lenye mifugo ndani yake. Wanafunzi wangu hukasirikia miisho ya namna hii, nami naiacha hasira hiyo ikae. Nawaambia waandike ukurasa mmoja kumhusu mtu aliyesimama mlangoni, na ni marufuku kumwingiza wala kumwondoa.

Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole lakini akimaanisha, kama silishushi Neno la Mungu kuwa zoezi la ufahamu. Nilimkumbusha nabii Nathani katika 2 Samweli 12, baada ya Daudi kumchukua mke wa mtu. Alikwenda kwa Daudi na kisa cha tajiri aliyempora maskini mwana-kondoo wake mmoja wa kike, akakisimulia mpaka mfalme akawaka hasira, ndipo akamwambia mtu huyo ni wewe. Angeanza na "kisa hiki kinatufundisha," Daudi angeitikia amina na kurudi kwenye shughuli zake.

Hata hivyo usiifanye Biblia kitabu chako cha kila kipindi. Ikifunguliwa tu, watoto wananyoosha migongo na kubadili sauti. Wanahitaji pia hadithi ambazo hakuna aliyewaambia mapema nani ni mwema. Kwangu hadithi za Biblia ni kama moja kati ya nne. (Mzazi atakuja kulalamika kwamba mhusika fulani ni mwizi. Mpelekee orodha ya vitabu na sababu zako mwanzoni mwa muhula, kabla hajaudhika, na umuulize mashujaa wa kitabu cha Mwanzo walikuwa watu wa namna gani.)

Kwenye uandishi, ugonjwa ni uleule. "Katika ulimwengu wa leo vijana wengi wamepotea," anaandika mtoto wa miaka 12, utadhani ana wajukuu. Sikati alama. Naandika pembeni: kijana gani? Alikuwa amevaa nini? Ulimwona wapi mara ya mwisho? Kisha tunasoma Yohana 11:35. "Yesu akalia machozi." Maneno matatu, hakuna kivumishi, hakuna maelezo. Nawaomba waandike jambo moja la huzuni walilolishuhudia, kwa maneno yasiyozidi kumi. Wale wenye insha ndefu zaidi ndio hutaabika zaidi, na kimyakimya nafurahia kuwaona wakifuta.

Usahihishaji ndipo nilipokosea vibaya, tena mwaka wa nne, nikijiona nimeshaiva. Msichana mmoja aliandika kwamba aliomba bibi yake apone, bibi akafa, na tangu siku ile watu wakifumba macho kwa sala yeye huhesabu tu mpaka amina. Insha nzima ilikuwa na makosa mawili ya tahajia. Niliyasahihisha. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu, "Mungu ana makusudi yake."

Insha yake iliyofuata ilihusu umuhimu wa usafi. Haikuwa na kosa hata moja. Iliyofuata ilihusu faida za kutii wazazi. Mpaka anaondoka shuleni hakuniandikia tena sentensi yenye damu ndani yake, na sikuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa nililikimbilia funzo kabla ya nusu saa, kabla hata ya dakika moja. Niliyoyaandika nayaamini mpaka leo. Ila hakuwa ameniuliza ninaamini nini.

Tangu hapo nasoma daftari mara mbili. Mara ya kwanza kalamu iko mezani, imefunikwa. Jambo likiwa zito namtafuta mtoto ana kwa ana, na pale linapozidi uwezo wangu nampeleka kwa anayeshughulikia malezi. Pembeni mwa ukurasa si mahali pa kumfariji mtu. Tahajia inasubiri rasimu ya pili. Ninachoandika ni swali moja, la mtu aliyesoma na anayetaka kujua zaidi. Yule msichana ningemuuliza kwa kawaida alikuwa akifika ngapi kabla ya amina.