Mchango wa Darasani: Fedha Zinamfikia Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu yuko darasa la saba katika shule ya umma hapa Columbus, Ohio. Mwalimu wake wa sayansi ametutumia kiungo cha DonorsChoose, akiomba wazazi na marafiki wachangie ununuzi wa hadubini. Ikiwa shule ni ya serikali, kwa nini tuchangishwe? Na nitajuaje kwamba fedha hazitaishia mfukoni mwa mtu?
Mama wa mwanafunzi, Columbus

JIBU: Mama, tuanze na hofu ya mfukoni, maana ndiyo yenye jibu lililo wazi zaidi. Katika utaratibu wa DonorsChoose, shirika lililoanzishwa mwaka 2000 na Charles Best, aliyekuwa akifundisha historia katika shule ya umma ya Bronx, New York, mwalimu hakabidhiwi fedha taslimu. Yeye huorodhesha vifaa anavyovihitaji, na lengo likitimia, shirika lenyewe huvinunua na kuvituma shuleni. Fungua ukurasa wa mradi, ushuke hadi kwenye orodha: utakuta idadi ya hadubini, bei ya kila moja na gharama za usafirishaji. Mwalimu akikuomba umtumie fedha kwenye akaunti yake binafsi, huo si utaratibu huu, na ni haki yako kumwuliza mkuu wa shule kabla ya kutoa hata dola moja.

Kuhusu serikali, shule za umma za Marekani hutegemea kwa kiasi kikubwa kodi ya ardhi na majengo ya eneo husika, kwa hiyo penye nyumba za bei ya chini hukusanywa kidogo. Walimu wengi huziba pengo kwa mishahara yao wenyewe, na tangu mwaka 2002 sheria ya shirikisho imewaruhusu kuondoa hadi dola 250 za gharama hizo katika mapato yanayotozwa kodi, kiwango kilichopandishwa hadi dola 300 mwaka 2022. Serikali inayotunga sheria ya namna hiyo imekwisha kukiri kwamba bajeti haitoshi. Kwa maoni yangu, lawama iende huko, si kwa mwalimu anayeomba.

Kuchangia ni hiari, na hadubini zitatumiwa na darasa zima, aliyechanga na asiyechanga. Unapolipa, angalia nyongeza inayopendekezwa kwa ajili ya uendeshaji wa shirika: unaweza kuipunguza au kuiondoa kabisa.