Tyubu ya Vespa huharibika siku inafungwa

Nina skuta ya Vespa PX niliachiwa na mjomba wangu, naipanda hapa Kisumu karibu kila siku, na kitu imenisumbua kushinda injini na kushinda kabureta ni tyubu. Kwa muda mrefu nilikuwa nalaumu barabara. Sai najua pancha zangu nyingi zilianza siku ile tairi ilifungwa, kwa hivyo mwenye ako na skuta ya zamani asome hii polepole kabla apeleke gurudumu kwa fundi.

Mwaka jana tulikuwa tunapanda kutoka Kisian kwenda Maseno, mimi na mke wangu nyuma, nikasikia mkia unaanza kucheza kushoto kulia kama kuna mtu anausukuma. Gurudumu la inchi 10 ni dogo sana, upepo ukitoka unatoka wote na skuta inaanza kuyumba saa hiyo hiyo. Nikaachilia mafuta polepole, sikugusa breki ya nyuma, nikaishika usukani imara mpaka ikajisimamia yenyewe kando ya barabara. Mama akashuka anatetemeka, mimi pia mikono ilikuwa inatetemeka. Bahati nzuri gurudumu la spea lilikuwa na upepo. Corradino D'Ascanio aliyeichora Vespa ya kwanza ya 1946 alikuwa injinia wa ndege, na gurudumu la mbele alilishika upande mmoja tu vile ya ndege hushikwa, kwa hivyo hata leo kwa PX yangu unafungua nati tano unatoa gurudumu unaweka lingine, hakuna kuhangaika na cheni wala ekseli ya kupitisha katikati.

Nyumbani nikaitoa ile tyubu nikaizamisha kwa karai ya maji. Nilitafuta msumari nikakosa, tairi yenyewe nilipapasa ndani yote na vidole, safi kabisa. Alafu nikaona mstari mwembamba upande wa ndani wa tyubu, ule unaolalia rimu, urefu kama wa kidole, umebonyea kama mtu ameuma na meno, na katikati ya huo mstari mpira umefunguka kidogo tu na mapovu yanatoka. Siku tatu kabla ya hapo kuna fundi alikuwa amenifungia hiyo tairi. Tyubu ilikuwa imebanwa kati ya rimu na rimu.

Sasa elewa hii: rimu ya Vespa ya zamani kama hii si kama ya bodaboda. Ni vipande viwili vya chuma, kimoja kipana kimoja chembamba, vimeunganishwa na nati. Skuta za zamani za Lambretta pia ni hivyo. Hakuna haja ya liva (kile chuma cha kubandulia tairi) hata moja, wala mtaimbo, wala bisibisi. Fundi akianza kutafuta liva, mwambie asante na uchukue gurudumu lako, juu hiyo liva ndiyo itapinda mdomo wa rimu na kutoboa tyubu.

Na hapa naomba usikilize vizuri sana. Kuna nati za aina mbili. Za kwanza zinashika gurudumu kwa hab (ile sehemu ya katikati gurudumu linafungwa kwake), za pili zinashika vile vipande viwili vya rimu pamoja. Ukifungua hizi za pili na tyubu bado ina upepo, rimu inaweza kuruka ikupige uso au ikuvunje vidole. Kuna kijana mmoja mtaa wa Kondele nilimkuta tayari ameweka spana ya 13 kwa hizo nati na gurudumu limejaa upepo vizuri, nilimshika mkono. Alikuwa hajui kabisa, hakuna mtu alishawahi kumwambia. Toa upepo wote kwanza, alafu toa na ile sindano ya ndani ya valvu, ndio uguse hizo nati. Hata kama tairi inaonekana imelala, toa tu.

Kabla hujafungua, piga picha na simu. Uone valvu imeangalia upande gani, kwa sababu valvu ya PX imepinda, na ukiiweka kinyume utashindwa kuijaza ukifika petrol stesheni.

Tairi ya zamani ikigandia rimu, mwagia maji ya sabuni pembeni, uisimamie na kiatu, itaachilia. Rimu zikishaachana utaona kutu mahali tyubu inalala. Msasa, uguse kila mahali na kidole mpaka pasikwaruze, upake rangi, iache ikauke hata kama ni siku nzima. Hii watu wengi wanaruka na ni makosa, kutu inakula tyubu pole pole mpaka itoboke.

Kufunga: mwaga poda ya mtoto ndani ya tairi, paka na tyubu yote, ili mpira usigandane na mpira. Tia tyubu upepo kidogo tu, ishike umbo la duara, isiwe imejikunja mahali. Iingize kwa tairi. Angalia mshale ubavuni mwa tairi unaonyesha inazunguka upande gani. Ingiza rimu pana, pitisha valvu kwa shimo lake, alafu rimu nyembamba. Hapo kabla hujaweka nati, tembeza kidole kati ya hivyo vipande viwili duara lote. Ukihisi mpira, simama, isukume ndani. Nati zikaze kidogo kidogo kwa kuruka, kutoka moja kwenda ile ya upande wa pili, usimalize moja ndio uende ingine, na baada ya kila mzunguko chungulia tena.

Jaza upepo mpaka tairi ikae, utoe wote, ujaze tena. Huo upepo wa kwanza unatoa mikunjo ya tyubu. Ubavuni mwa tairi kuna mstari mwembamba karibu na rimu, ukiwa sawa pande zote imekaa vizuri. PX yangu mbele naweka paundi 18, nyuma 25 nikiwa peke yangu, nikibeba mtu nyuma naweka 36. Vijana wa upepo hapa wanapenda kujaza mpaka iwe ngumu kama jiwe, usikubali, chunga geji mwenyewe.

Fundi mzuri wa hii kazi ni wa tuktuk. Rimu za tuktuk pia ni vipande viwili, kwa hivyo mkono wake umezoea. Tena kama Vespa yako ni ile ya inchi 8, tyubu utapata duka lolote la spea za tuktuk, juu tuktuk nyingi zinatumia saizi ya 4.00-8. Ya inchi 10 uliza 3.50-10 yenye valvu iliyopinda, na usikubali kuuziwa ya 8 ati itatanuka. Mimi nikipata nanunua mbili, moja naifunga kwa kitambaa na poda chini ya kiti.

Ukishafunga, tia mate kwenye valvu uone kama kuna povu. Iache ilale usiku mzima, asubuhi upime presha kabla hujapanda nayo.