Swali la lugha: uyoga uko katika ngeli gani?

Swali: Naandika makala kuhusu Pluteus cervinus, uyoga wa msituni uotao kwenye magogo yaliyooza. Niliandika: "Nyoga hizi ni mmea wa ngeli ya Agaricomycetes, spishi ya Pluteus." Mhariri kabadili karibu kila neno, na "ngeli" kaifuta kabisa, eti ni neno la sarufi. Ana haki?

Jibu: Anayo, ila "ngeli" akurudishie. Wanasarufi na wanabiolojia wote wanalo neno hilo, kila mmoja kwa kazi yake. Kisarufi, uyoga umo katika ngeli ya U. Kibiolojia, umo katika ngeli ya Agaricomycetes, oda ya Agaricales, familia ya Pluteaceae.

"Nyoga hizi" sitaitetea. Waandishi wengi husema uyoga huu, umeota, mwingi, uwe mmoja au umejaa gogo zima. Ukilazimika kuhesabu, hesabu kofia: kofia tatu za uyoga. "Mmea" nalo liondoke, kwa kuwa fangasi wana himaya yao. Kitenzi "kuota" kibaki. Hata meno na ndevu huota.

Pluteus ni jenasi yenye spishi nyingi, kwa hiyo andika "spishi ya jenasi Pluteus". Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa, la pili kwa herufi ndogo, na yote mawili kwa mlazo. Ukirudia, P. cervinus yatosha.

Kilatini nacho kina upatanisho wake, jambo ambalo Mswahili hapaswi kulishangaa. Mtaalamu wa uyoga Schaeffer aliuita uyoga huu Agaricus cervinus mwaka 1774, enzi ambazo karibu kila uyoga wenye vibamba chini ya kofia ulitiwa katika Agaricus. Mtaalamu mwingine, Kummer, akauhamishia Pluteus mwaka 1871. Majina yote mawili ya jenasi ni ya jinsia ya kiume, basi cervinus haikuguswa. Lakini Agaricus nudus ulipohamia Lepista, jina la kike, ukawa Lepista nuda. Kwa hiyo usinyooshe miisho hiyo kwa kudhani ni makosa ya chapa.

Mimi ningeandika hivi: "Uyoga huu, Pluteus cervinus, huota kwenye magogo yaliyooza. Vibamba vilivyo chini ya kofia havigusi shina. Huanza vikiwa vyeupe, kisha hugeuka rangi ya waridi spora zinapokomaa."